Niliolewa, Nikaoa

Mimi ni mwanamke, nina mume, na niliwahi kuwa na mke. Ukishangaa, basi wewe si mtu wa Mara. Huku kwetu mwanamke aliyekosa mtoto wa kiume anaweza kuoa msichana kwa ng'ombe, kama mwanamume anavyooa. Yule msichana anazaa na mtu aliyechaguliwa na ukoo, na watoto wanakuwa wa nyumba ya yule mwanamke. Tunaita nyumba ntobhu. Anayetaka kuguna na agune, mimi naendelea.

Nasema haya kwa sababu juzi mjukuu wangu alifungulia redio, na msomi mmoja akawa anaeleza jinsi watoto wanavyopungua nchini: mjini wanazaliwa wachache, kijijini wengi, mkoa huu hivi, mkoa ule vile. Sauti yake nzuri, sikatai. Lakini alikuwa anaongea kana kwamba watoto ni mvua, mahali inanyesha na mahali inagoma. Nikamwambia mjukuu wangu azime. Mvua! Mvua hiyo ilipoanza kukatika mimi nilikuwepo, na matusi yake niliyabeba mimi.

Ramani ya yule msomi niliijua kabla yeye hajazaliwa, maana niliipita kwa basi. Mimi nimezaliwa Manyamanyama, pale Bunda, kwenye nyumba ya wakulima wa pamba. Kwa baba yangu, mtoto alikuwa mikono miwili ya kuchuma pamba hata kabla hajapata jina la ubatizo. Ukishuka Kibara, kwenye mitumbwi, ni vilevile: kuna nyavu za kuvuta na dagaa za kuanika. Butiama, kwa wakwe zangu, ng'ombe walitaka wachungaji. Ila ukipanda basi kwenda Musoma unaona mwenyewe migongo ya wanawake inavyoanza kuwa mitupu. Stendi ya Bunda kila mgongo ulikuwa na mtoto, na mwingine kashikwa mkono. Sokoni Musoma unapishana na mwanamke kabeba mkoba tu. Mama yangu alipokuja mjini mara ya kwanza, miaka michache baada ya Uhuru, alinivuta pembeni akaniuliza hawa wanawake wamepatwa na msiba gani.

Na hesabu yenyewe ilikuwa haipo. Kwetu mtoto hahesabiwi, na ng'ombe hahesabiwi. Ukihesabu, unakiita kifo kije kichague. Ukimwuliza mama ana watoto wangapi, anakujibu, "Wapo." Sisi kwetu tulikuwaga wengi sana, lakini hata leo sijawahi kumsikia mama yangu akisema sisi ni wangapi.

Mume wangu alikuwa dereva wa serikali. Tulipanga chumba kimoja Nyasho, hapo Musoma mjini, na mwenye nyumba akaniruhusu niweke cherehani barazani. Nilishona sare za shule, nikashona magauni ya harusi, nikabadilisha kola za mashati ya makarani. Chumba kile, ukitaka kutandika mkeka lazima utoe meza nje. Hapo ndipo tulipomzaa msichana wetu wa kwanza, na wa pili akafuata.

Siku moja mume wangu alikuwa anakula ugali wa udaga, ule wa muhogo, na samaki wadogo wa furu, mtoto mmoja kamkalia mguu, mwingine kamning'inia shingoni. Nikamwambia, "Mimi nimemaliza."

"Mbona chakula bado kipo?" akasema.

"Nimemaliza kuzaa."

Akapaliwa na mwiba. Alikohoa mpaka machozi, nikampa maji, akanywa, akanitazama, akawatazama watoto. Halafu akasema, "Kwani nani kakulazimisha?" Basi, mkutano wetu uliishia hapo. Nikaenda kliniki ya mama na watoto, nesi akanipa vidonge, siku hizo walikuwa wanaita uzazi wa majira. Sikuwa mgonjwa, wala sikulogwa, wala hakuna mzungu aliyenidanganya. Nilitaka watoto wawili, nimewapata, nikafunga duka. Nasema wazi kwa sababu watu walinitafutia kila sababu isipokuwa hiyo.

Sasa nikupeleke kwa mama mkwe wangu. Alikuwa mwanamke mrefu, mkavu, mwenye kuongea kwa amri hata akikukaribisha uji. Alizaa kumi. Hilo nililipata kwa shangazi wa mume wangu, na alininong'oneza, akaangalia mlango kwanza. Wawili wa mwanzo walichukuliwa na surua. Wengine wanne wakaondoka mmoja mmoja, kwa homa na kwa kuhara, wakabaki wanne. Wote waliokufa walizikwa bondeni, ndani ya uzio wa minyaa wa boma lake.

Kisha vikaja vijiji vya ujamaa. Malori yakafika bondeni, wakapakia milango yake, vyungu vyake na kuku wake, wakampeleka kando ya barabara, ambako nyumba zilikuwa zimepangwa mstari. Wengine walifurahi, maana bomba na shule vilikuwa karibu. Yeye hakufurahi. Aliona ameacha watu bondeni, na mbele ya mlango wake mpya anaona vumbi la magari. Tangu hapo, kila nikienda kumsalimia alikuwa anaanza kuangalia tumbo langu ndipo anaitikia salamu.

"Mkamwana," ananiuliza, "tumbo lako siku hizi linafanya kazi gani?"

"Linakula, mama."

"Aka! Hata la mbwa linakula."

Nilikuwa nacheka, naye anacheka, lakini kila mmoja wetu alijua hakikuwa kicheko.

Likizo moja tukaenda Butiama, mimi na mume wangu na watoto. Nikakuta jikoni msichana nisiyemjua anapuliza moto. Alikuwa mtu mzima kwa umri, kimya, kichwa kimefungwa kitambaa kipya. Ndani alikuwa amekaa baba mkubwa wa mume wangu, ambaye ndiye aliyekuwa akisemea ukoo kwenye mambo yote. Nikajua hii si likizo.

"Huyo uliyemwona jikoni ni mke wako," mama mkwe akasema.

"Mke wa nani?"

"Wako wewe. Ng'ombe zimeshatoka. Wewe umezaa wasichana wawili ukakaa. Wasichana wataolewa, wataondoka, nyumba itabaki na nani? Mwanangu hatazimiwa moto na vidonge vya hospitali."

Kumbe vidonge alivijua!  Nikamgeukia mume wangu. Mume wangu akaangalia viatu vyake. Siku hiyo viatu vyake vilikuwa na mambo mengi ya kuangaliwa.

Nikatoka, nikaenda jikoni. Yule msichana akainuka, akapiga goti kunisalimia, shikamoo kwa sauti ndogo. Nikamuuliza, "Wewe umeulizwa?"

"Kuulizwa nini, mama?"

"Kama unataka."

Akanitazama kama nimemsemesha Kihindi. "Baba ameshapokea ng'ombe," akasema. "Kaka yangu ameshaoa kwa ng'ombe haohao."

Nikamuuliza na mimi nikikataa itakuwaje. Akasema wamemwambia, mimi nikikataa, atapelekwa kwa bibi mmoja mjane wa ukoo huohuo, kule nyuma ya mlima, naye hana mtoto wa kiume. Alisema hivyo huku anageuza kuni. Hakulia. Angelia pengine ningepata nafuu, lakini hakulia, na hilo ndilo lililoniuma. Nilikuwa nimekuja pale na hasira ya tumbo langu, na sasa tumbo lililokuwa linatolewa mnadani lilikuwa la mtu mwingine. Kukataa kwangu kungenisafisha mimi tu. Yeye angezalishwa hukohuko.

Nikarudi ndani. Nikakaa chini kwa adabu zote, kanga nimejifunika vizuri.

"Baba mkubwa," nikasema, "mimi nimekulia Bunda, mila za huku sizijui sana. Nifundishe. Katika ndoa hii mume ni nani?"

Akafurahi. Wazee wakiulizwa mila wanafurahi. "Mume ni wewe," akasema. "Nyumba ni yako, mke ni wako."

"Na mwanao hapa, baba wa watoto?"

"Huyo hayumo. Ndoa ni yako."

"Mke anamsikiliza nani?"

"Mumewe."

"Na anakaa wapi?"

"Kwa mumewe. Atakaa wapi tena?"

"Basi," nikasema, "nimekubali. Nimeoa."

Mama mkwe akapiga vigelegele mpaka majirani wa mstari mzima wakatoka nje. Wakachinja mbuzi. Mume wangu alinikodolea macho kama ameona ng'ombe anapanda mti, na mimi nikala nyama yao bila aibu, nikaomba na supu.

Asubuhi tulipokuwa tunajiandaa kuondoka nikamwita yule msichana mbele ya watu. "Mke wangu, funga mzigo wako."

"Anakwenda wapi?" mama mkwe akauliza.

"Musoma. Kwa mume wake."

"Thubutu! Na kijana tuliyemchagua? Yupo hapahapa kijijini."

"Mama, huyo kijana mimi sijamchagua. Mume ni mimi. Mke wangu atakwenda kujifunza cherehani na atasoma ile elimu ya watu wazima. Kuzaa nitamwambia siku nikiamua."

 Mama mkwe akamgeukia baba mkubwa ili aseme neno. Yule mzee alikuwa ameshika kiko chake. Akaanza kucheka polepole, akacheka mpaka akakohoa, akajipiga paja. "Amesema kweli," akasema. "Jana nilitamka mwenyewe. Mke ni wake."

"Umenichezea," mama mkwe akaniambia.

"Hapana, mama. Nimekutii."

 Haki ya Mungu, nilifurahi. Nilifurahi njia nzima mpaka Nyasho, huku mke wangu amepakata mzigo wake na mume wangu akiniuliza kila baada ya muda, "Sasa tutalala wapi sisi wote?"

Tukapata chumba cha pili kwa mwenye nyumba yuleyule. Maneno yakaanza. Wazee wa kanisa wakaniita kuniuliza imekuwaje Mkristo aoe mwanamke mwenzake. Balozi wa nyumba kumi naye akaja kunieleza kwamba mila za namna hii zinarudisha taifa nyuma, wakati yeye mwenyewe ana wake watatu. Nikawapa wote vidonge vyao. Nikawauliza, "Huyu mtu yuko shuleni jioni, mchana anashona, tumbo lake liko salama. Ninyi mlikuwa mmempangia nini kizuri zaidi?" Hakuna aliyekuwa na mpango.

Yule kijana wa kijijini naye akaja. Alikuja na gunia la mtama begani, amevaa shati la kuazima, mikono imempita. Nilikuwa nakata kitambaa, futi ya mbao mkononi.

"Nimekuja kwa mke," akasema.

"Wa nani?"

"Wako."

"Umefanya vizuri kuja kwa mume kwanza," nikamwambia. "Na mume anasema ng'o!"

Nikainua ile futi. Wanawake waliokuwa wanasubiri nguo zao walicheka mpaka mmoja akaanguka kwenye benchi. Kijana wa watu akatimka, mtama akauacha. Tuliula.

Nilimuuliza mke wangu mara nyingi, "Wewe unataka nini?" Mwanzoni alikuwa ananirudishia, "Wewe unataka nini?" Nikagoma kumjibu. Ilimchukua muda mrefu kuzoea swali lile. Unadhani kutaka ni kitu ambacho mtu anakuwa nacho tayari, kumbe kuna watu hawajawahi kupewa nafasi hata ya kukianza. Kwanza alitaka viatu. Kisha akataka kujua kusoma gazeti bila kufuata kwa kidole. Baadaye sana akamtaka fundi mmoja wa kiwanda cha kuchambulia pamba cha Bunda, kijana mwenye nyuzi za pamba kwenye nyusi kila siku. Yule fundi ilibidi aje kwangu kuniomba. Ninyi fikirini, mwanamume mzima anapiga magoti barazani kwangu Nyasho anamwomba mwanamke amwachie mke! Nikamwachia. Tulirudisha ng'ombe Butiama na mambo yakaisha kihalali.

Akaenda Bunda, akazaa. Akazaa tena. Akazaa mpaka nikapanda basi kwenda kumgombeza. Nilimkuta uani amezungukwa, mmoja ananyonya, mmoja anamvuta sketi, wengine wanakimbizana kwenye magunia.

"Weee!" nikamwambia. "Na shule yote ile?"

Akacheka. Alikuwa ameshajua kucheka kwa sauti. "Mume wangu," akasema, maana mpaka leo ananiita hivyo, "si uliniuliza ninataka nini? Ndiyo hawa."

 Nikakaa chini, nikapewa mtoto wa kupakata. Yule msomi wa redioni akija atamwandika mke wangu upande wa Bunda, wengi, na mimi upande wa Musoma, wachache. Hatajua kwamba sisi ni nyumba moja na kwamba swali lililotufikisha huko lilikuwa moja.

Lakini kuna mmoja bado, na huyo ndiye anayenifanya niongee leo.

Kabla mke wangu hajaolewa Bunda, mama mkwe alianza kuona ukungu. Mume wangu akamleta Musoma, hospitali wakasema ni mtoto wa jicho. Tangu siku ile mke wangu alipofunga mzigo, alikuwa hajakanyaga kwangu. Alipoingia akapapasa ukuta, akakaa, na neno lake la kwanza likawa, "Umesikia? Hata jicho langu linazaa, wewe hutaki."

Tukakaa naye mpaka macho yakapona. Aliyemwogesha ni mke wangu. Binti zangu walimsomea Biblia, mmoja huku, mmoja kule, wakigombania ukurasa. Aliwatuma maji, akawatuma ugoro, akawakosoa ugali wao, na walipokwenda shule alikuwa ananiuliza kila mara kama wamekaribia kurudi. Kuhusu mtoto wa kiume hakuuliza tena. Pengine alichoka, pengine alisahau, mimi sijui.

Siku moja kabla hajaondoka tulikuwa tumekaa barazani tunachambua mchele. Hasira yangu ya zamani ilikuwa bado ipo, siwezi kusema uongo. Nikamwambia, "Mama, wewe ulikuwa unataka wangapi?"

"Watoto hawahesabiwi."

"Sikuulizi ulizaa wangapi. Nauliza ulikuwa unataka wangapi."

Mikono ikasimama kwenye ungo. "Nani aliniuliza?" akasema kwa ukali.

"Mimi nakuuliza."

"Chambua mchele," akasema. 

Kesho yake tukamsindikiza stendi. Mke wangu akampandisha kwenye basi la Butiama, akamkalisha dirishani, akampakatisha kikapu cha sato waliokaushwa. Dereva alikuwa ameshawasha gari. Mama mkwe akagonga bati la basi kwa kiganja akaniita, "Mkamwana, njoo." Nikasogea. Akaangalia kushoto na kulia kama shangazi alivyoangalia mlango.

"Wawili," akasema.

Sikumwelewa. "Wawili nini, mama?"

"Wale wa mwanzo. Wangepona wale wawili, ningepumzika."

Alisema hivyo bila kulia, kama yule msichana jikoni.  Nikashika mkono wake pale dirishani, naye akauacha ushikwe, mpaka gari likaanza kutembea.

"Na usimwambie mtu kwamba nimehesabu," akanifokea kwa nguvu juu ya kelele za injini.

Sikumwambia mtu, hata mwanawe sikumwambia. Nimenyamaza mpaka amezikwa, kando ya barabara, mbali na wanawe wa bondeni. Leo nasema kwa sauti, kwa sababu redioni kuna mtu anatuhesabu, na yeye pia hajauliza.